Ushindi wa Juba Ulianza na Kikombe cha Uji

Hotuba ya Kamati ya Elimu na Vijana, iliyosomwa kwenye harambee ya chama chetu, Tukuyu

 

Kwanza tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Pili tunawashukuru ninyi. Mvua ya jana usiku mliisikia, na barabara ya kupanda huku mnaijua. Bado viti vimejaa.

Kamati yetu imepewa dakika ishirini. Tunataka kuzitumia kujibu swali ambalo mzee wetu mmoja alituuliza kwenye kikao cha katikati ya mwaka. Tulikuwa tumesoma taarifa kuhusu mpango wa kufundisha watoto sataranji, ule mchezo ambao wao wenyewe wanauita chesi. Mzee akasimama, akasema: "Wanangu, tunachangia madawati, tunachangia vyoo, tunachangia mabati. Sasa mnataka tuchangie mchezo. Mchezo umeleta nini Rungwe?"

Ukumbi ulicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu hatukuwa na jibu la kutosha. Leo tumekuja nalo.

Jibu fupi mnalijua wenyewe. Mwaka 1986 timu ya mji huu, Tukuyu Stars, Banyambala, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mara tu baada ya kupanda daraja. Simba walikuwepo, Yanga walikuwepo, na kombe likaja huku kwenye ukungu. Wapo humu ndani waliokuwa vijana mwaka huo, na mpaka leo ukimgusa mmoja wao atakuhesabia wachezaji kwa majina. Mtu wa Tukuyu akikutana na mtu wa Dar es Salaam hana haja ya kujieleza sana. Mchezo ulileta heshima hiyo. Lakini mnajua pia kwamba ubingwa ule haujarudi tena. Heshima ilibaki kwenye masimulizi, na watoto wetu wamerithi masimulizi.

Sasa twende kwenye jibu refu.

Sataranji ni nini

Wazee wengi humu ni mabingwa wa drafti. Pale stendi, vizibo vya soda vikiwa upande mmoja vimefunuliwa na upande mwingine vimefunikwa, kuna watu hawajawahi kufungwa na mtu wa kutoka nje. Basi sataranji inachezwa kwenye ubao uleule wa miraba 64. Drafti ina kete 12 kila upande na zote ni za aina moja. Sataranji ina kete 16 kila upande na ziko za aina sita: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Kila aina ina mwendo wake. Farasi anaruka. Askofu anakwenda mshazari. Askari anakwenda mbele tu, hatua kwa hatua, lakini akifika mwisho wa ubao anaweza kugeuzwa malkia, kama vile kete ya drafti inavyoingia kingi. Mchezo unakwisha mfalme wa mwenzio anaposhambuliwa na kukosa pa kukimbilia.

Kuna tofauti moja ambayo tunawaomba muiweke akilini mpaka mwisho wa hotuba hii. Kwenye drafti, kete ikiwa ya kuliwa, lazima ule. Ndiyo maana fundi wa drafti anakulisha kete moja ili yeye ale tatu. Kwenye sataranji halazimishwi mtu kula. Kete ya bure imewekwa mbele yako, na wewe unaruhusiwa kuitazama na kuiacha. Mtoto anayejifunza mchezo huu anajifunza, kabla ya jambo lolote jingine, kujiuliza: mbona hiki wamenipa bure? Nikikichukua, mwenzangu atafanya nini baadaye?

Jambo la pili. Kwenye mashindano makubwa ya sataranji kila mchezaji ana karatasi pembeni, na anaandika kila hatua, yake na ya mpinzani. Mchezo ukiisha, mara nyingi wawili hao hukaa tena pamoja na kuurudia kutoka hatua ya kwanza. Mchezaji wa mpira ukimuuliza mmeshindaje, atakueleza bao la dakika ya 80. Mchezaji wa sataranji atafungua karatasi na kukuonyesha kwamba hatua ya mwisho ilikuwa rahisi, mtu yeyote angeiona; mchezo ulishinda zamani, kwenye hatua ya saba, pale aliposogeza askari ambaye hakuna aliyemtazama.

Sisi leo tumekuja na karatasi mbili. Moja ni ya ushindi na nyingine ni ya kushindwa. Ya ushindi ni ya watoto wa Uganda. Ya kushindwa ni yetu wenyewe.

Karatasi ya kwanza: Katwe

Mwezi Agosti mwaka 2009, watoto watatu kutoka Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwao. Walikwenda kuiwakilisha Uganda kwenye mashindano ya kimataifa ya sataranji ya watoto wa Afrika. Majina yao ni Phiona Mutesi, Benjamin Mukumbya na Ivan Mutesasira. Mashindano yalifanyika Juba, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya nchi ya Sudan. Akina juba msituangalie hivyo. Ni jina la mji, ingawa kwetu nyumbani neno hilo ni mama. Na mtaona kwamba habari hii nayo ina mama ndani yake.

Phiona alicheza michezo minne. Alishinda yote minne. Wenzake wawili nao hawakufungwa hata mchezo mmoja. Uganda ikachukua kombe la timu. Watoto waliokuwa hawajawahi kulala kila mmoja kwenye kitanda chake mwenyewe wakarudi Katwe na kombe ambalo halikuenea kwenye mabegi yao.

Ukiishia hapo, utasema: walikuwa na vipaji. Wengi walisema hivyo. Lakini tufungue karatasi, turudi nyuma.

Kabla ya kombe kulikuwa na miaka kama minne ya kufungwa. Phiona aliingia kwenye chumba cha sataranji mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Mama yake, Harriet Nakku, alikuwa mchuuzi sokoni, na Phiona mwenyewe alikuwa akizunguka mitaani na mahindi ya kuchemsha. Shule aliiacha kwa kukosa ada. Siku alipofika, watoto wenzake walimcheka kwa uchafu. Aliyemfundisha mwendo wa kete alikuwa mtoto wa kike mdogo kuliko yeye, jina lake Gloria. Tunawaomba walimu mlitazame hilo: mtoto mkubwa akifundishwa na mdogo, na hakuna aliyeona ni aibu. Kwenye ubao anayejua ndiye mwalimu.

Kabla ya Phiona kufika kulikuwa na kijana mmoja, Robert Katende. Yeye mwenyewe alikulia kwenye shida, akasoma uhandisi, na alikuwa akifundisha watoto wa Katwe mpira wa miguu chini ya shirika moja la kidini. Akaona kuna watoto wanakaa pembeni ya uwanja. Hawachezi. Wengine wanaogopa kuumia, kwa kuwa mtoto wa mtaa ule akivunjika mguu hakuna wa kulipa hospitali. Mwaka 2004 akawaletea sataranji. Alianza na watoto sita.

Na kabla ya kete kulikuwa na nini? Kulikuwa na sufuria ya uji. Phiona hakwenda pale kwa sababu ya sataranji. Alimfuata kaka yake Brian, akiwa na njaa, kwa sababu pale mtoto alikuwa anapata kikombe cha uji. Alikunywa uji kwanza. Kete alizitazama baadaye, na zikampendeza kwa umbo lake.

Hiyo ndiyo hatua ya saba, waheshimiwa. Askari ambaye hakuna aliyemtazama. Kombe la Juba lilishindwa miaka minne kabla, siku mtu alipokoroga uji, na kesho yake akaukoroga tena, na kesho kutwa tena.

Tunasema "tena" kwa makusudi. Katende hakuleta uji siku ya uzinduzi. Alirudi.  Mama akisita, alikaa naye na kuzungumza. Kurudi huko ndiko kulikowafanya wazazi wa Katwe wawaachie watoto wao wapande ndege kwenda nchi ambayo hawajawahi kuiona.

Karatasi hii ina kurasa nyingine, na tungekuwa waongo tukizificha. Mwaka 2010 Phiona alikwenda Khanty-Mansiysk, huko Siberia nchini Urusi, kwenye Olimpiadi ya Sataranji, akakutana na wanawake wanaoishi kwa mchezo huo. Mpinzani wake wa kwanza alikuwa bingwa wa Kanada. Alifungwa. Akafungwa na wengine pia. Alirudi nyumbani bila kombe, nyumba ikiwa ileile. Akaendelea. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Istanbul, nchini Uturuki, alipata pointi za kumpa cheo cha kwanza cha kimataifa kwa wanawake, na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo chochote kwenye mchezo huo. Mwaka huohuo mwandishi Mmarekani, Tim Crothers, alitoa kitabu kuhusu maisha yake. Mwaka 2016 ikatoka filamu ya Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair, na Lupita Nyong'o akaigiza kama yule mama, Harriet. Na mwaka 2017 Phiona na Benjamin walianza masomo ya chuo kikuu nchini Marekani.

Mzee wetu aliyeuliza swali, hilo ndilo jibu. Aliyeacha shule kwa kukosa ada alifika chuo kikuu, na kete zilikuwa ngazi tu. Wala asiseme mtu kwamba Uganda ni mbali. Jirani zetu wa Zambia, hapo tu ukivuka Tunduma, walimtoa Amon Simutowe, Mwafrika wa kwanza kusini mwa Sahara kufikia cheo cha grandmasta, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote kwenye sataranji. Ubao hauulizi mtu ametoka wapi.

Karatasi ya pili: yetu

Sasa tufungue karatasi ya pili. Hii inatuuma.

Mwaka juzi, mwezi Desemba, wengi wetu tulipokuwa nyumbani kwa sikukuu, kamati yetu ilionyesha filamu hiyo ya Katwe kwenye ukumbi wa kata. Tulitundika shuka nyeupe ukutani. Umeme ulikatika mara mbili, tukaazima jenereta. Watoto walikaa sakafuni mpaka mlangoni, na wengine walichungulia dirishani kwenye mvua. Phiona aliposhinda, walipiga kelele kana kwamba ni mtoto wa Ushirika au wa Kiwira.

Sisi tukachangamka. Tukachanga papo hapo. Januari tukanunua bodi sita na kete zake, tukazigawa kwenye shule mbili za msingi, tatu kwa tatu. Tulipiga picha. Picha hizo mliziona kwenye kijitabu cha mwaka jana, ukurasa wa katikati, tukiwa tumeshika bodi na tunatabasamu. Kisha tukapanda magari, tukarudi mijini.

Mwezi Juni tulituma wajumbe wawili kwenda kuangalia. Shule ya kwanza, bodi zote tatu zilikuwa kabatini na kabati limefungwa. Mwalimu aliyekuwa na ufunguo alihamishwa tangu Machi. Hatumlaumu mtu. Sisi ndio tulioleta kete bila kuleta mpango.

Shule ya pili tulikuta jambo tofauti. Mwalimu mmoja kijana, asiye mtu wa huku, aliyepangiwa tu kazi, alikuwa amewafundisha watoto karibu thelathini. Farasi wawili walipotea, akaweka vizibo vya soda. Watoto walikuwa wanacheza jioni, baada ya vipindi, chini ya upenu wa darasa, mvua ikinyesha mbele yao. Mwalimu huyo alikuwa akinunua sukari kwa fedha zake, na unga alikuwa anauomba kwa wazazi wawili watatu. Alipopata unga, watoto walikuwa thelathini. Alipokosa, walikuwa wanane. Hakufundishwa na mtu habari za Katwe; alihesabu tu vichwa, akaelewa.

Hapo wajumbe wetu walikutana na mtoto wa kike wa darasa la sita. Hatutamtaja jina, maana ni mtoto na ana wazazi. Alimfunga mjumbe wetu wa kwanza. Alimfunga wa pili. Wakarudia, akawafunga tena. Mara ya mwisho mjumbe wetu alimwekea ngome ya bure, akijua mtoto ataichukua na kuingia mtegoni. Mtoto akaitazama ngome ile kwa muda mrefu. Akamtazama mjumbe usoni. Akasogeza askari upande mwingine kabisa. Mjumbe wetu alitupigia simu usiku huo kutoka Tukuyu, sauti yake imejaa, akasema: huyu tunaye.

Hatukuwa naye.

Mwezi Septemba mwalimu alitupigia. Mtoto hajaonekana shuleni wiki ya tatu. Alikuwa amepelekwa Dar es Salaam, kulea mtoto wa watu. Tulipokwenda kuongea na familia, hakuna aliyetuficha, na hatukukuta mtu mbaya. Tulimkuta bibi anayelea wajukuu wanne. Alituambia, kwa upole, kwamba mtoto alikuwa anatembea saa nzima kwenda shule. Miezi ya mvua alikuwa anafika amelowa. Mchana shuleni hakuna kitu, basi alikuwa anarudi nyumbani kula ndizi, na akirudi nyumbani hawezi tena kuupanda mlima kwa vipindi vya mchana. Siku zikaanza kupungua. Alama zikashuka. Aliposhuka, watu wa nyumbani wakasema shule imemshinda. Na wakati huohuo akatokea mtu wa heshima kutoka mjini, mwenye nauli mkononi na ahadi ya nguo na mshahara.

Mnakumbuka tuliyowaomba muweke akilini? Kete ya bure imewekwa mbele yako. Mtoto alijua kuiacha. Alituonyesha kwamba anajua. Lakini kwenye maisha hakuwa yeye anayecheza; tulikuwa sisi, watu wazima, na sisi tunacheza drafti. Tukiona ya kula, tunakula.

Tuurudie mchezo wetu kama wachezaji wanavyofanya. Tulipoteza wapi? Septemba alipoondoka ilikuwa hatua ya mwisho tu. Tulipoteza Januari, tulipotoa bodi na kupiga picha na kupanda gari. Kete tulileta. Uji hatukuleta. Mtu wa kurudi kesho hatukumwandaa, na yule aliyejitokeza mwenyewe tulimwacha anunue sukari kwa mshahara wake.

Tangu mwaka 2016 shule za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada. Ni jambo kubwa, na Phiona angelipata asingekaa nje ya darasa. Lakini ada ikiondoka, njaa ya saa saba mchana inabaki palepale, na viatu vinabaki, na mvua ya Rungwe haisomi waraka wa serikali. Tunaishi kwenye wilaya ambayo mtu akitupa mbegu ya parachichi njiani inaota. Tuna maziwa, tuna ndizi, tuna mahindi, tuna viazi. Malori yanapakia chakula hapa usiku na mchana kwenda kulisha miji. Mtoto wa wilaya hiyo kusinzia darasani kwa njaa ni jambo ambalo hatuwezi kumlaumu jirani.

Kuhusu mtoto wetu, tumeongea kwa heshima na wenyeji wake wa Dar es Salaam. Baadhi yetu tunaishi mtaa wa pili kutoka pale. Wamesema atarudi Januari. Tumewashukuru. Lakini tunawaambia ukweli: ahadi ya Januari bado haijawa mtoto aliyekaa kwenye dawati. Mpaka tunaposoma hotuba hii, hajarudi.

Hatua inayofuata

Sasa tunaomba nini? Jedwali la gharama lipo ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki, limekaguliwa na mweka hazina, na kila mwenye swali amuulize leo. Sisi tutaeleza kwa maneno ya jikoni.

La kwanza ni uji. Kikombe kimoja cha mtoto kinakula unga kama gramu 50. Watoto 40 ni kilo mbili za unga kwa siku. Tunataka kuanza na siku mbili kwa wiki, siku za klabu, kwenye shule hizo mbili. Kwa shule moja ni kilo nne kwa wiki, na kwa wiki kama 40 za masomo ni kilo 160. Kwa shule mbili ni kilo 320. Hizo ni gunia tatu na kitu za mahindi. Akina tata, gunia tatu! Kuna watu humu ndani mwaka jana panya wamewala zaidi ya hapo ghalani. Sukari, maziwa na kuni ni vya ziada, na akina juba wa kata hii wamekwisha kujitolea zamu ya kupika.

La pili ni mtu wa kurudi kesho. Tunataka kuwapa walimu wawili, mmoja kila shule, posho ndogo ya kila mwezi kwa kazi ya jioni. Na tunataka mwalimu akihama, awepo wa pili anayejua mahali ufunguo ulipo. Kila mwezi mjumbe mmoja wa kamati anayeishi huku atafika shuleni, atahesabu watoto, ataandika, na namba hiyo itasomwa kwenye kundi letu la simu. Namba ikishuka, hatutasubiri Septemba. Tutakwenda nyumbani kwa mtoto wiki hiyohiyo.

La tatu ni mfuko mdogo wa viatu, makoti ya mvua na madaftari, kwa watoto ambao walimu wenyewe watawataja. Mfuko huu hautakuwa na picha. Mtoto asiumbuliwe ili sisi tuonekane.

La nne, na la mwisho kwa makusudi, ni bodi kumi mpya. Bodi ni rahisi kuliko vyote, na ndiyo maana mwaka juzi tulianza nazo.

Kuna ombi la tano ambalo halihitaji fedha. Sisi tunaoishi mijini ndio tunaopigiwa simu: nitafutie binti wa kazi, huko kwenu wapo. Tunakubaliana leo, mbele ya wazee na viongozi wa dini, kwamba mwanachama wa chama hiki akipigiwa simu hiyo na binti mwenyewe bado yuko shule ya msingi, jibu ni hapana. Tunaanza na kamati yetu. Wajumbe wote tumesaini, na karatasi ipo mezani kwa katibu.

Wazee wetu wa drafti pale stendi tunawaomba jambo moja. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, njooni shuleni mkae na watoto. Hamjui sataranji, ni kweli. Lakini mnajua kukaa kimya mbele ya ubao na kufikiri kabla ya kunyanyua mkono, na hilo mwalimu hawezi kulifundisha peke yake. Mtafungwa siku za mwanzo, tunawaahidi, na atakayewafunga atakuwa na umri wa miaka kumi. Gloria alikuwa mdogo kuliko hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuahidi bingwa. Huenda asitoke mtoto hata mmoja wa kwenda Olimpiadi. Tukipata watoto 80 wanaokunywa uji siku mbili kwa wiki, wanaokaa shuleni mpaka jioni, na wanaojua kuitazama kete ya bure na kuuliza mbona nimepewa, tutakuwa tumeshinda, na karatasi yetu tutaisoma hapahapa mwaka kesho, hatua kwa hatua, pamoja na makosa yake.

Fomu za ahadi zinapita sasa hivi. Anayetoa gunia aandike gunia. Anayetoa debe aandike debe. Anayetoa Jumamosi yake aandike Jumamosi. Jirani yako akiandika, msomee kwa sauti tumpigie makofi.

Na Januari shule zitakapofunguliwa, kabla ya kununua bodi hata moja, mjumbe wetu atasimama getini pale shuleni asubuhi ya kwanza, aone kama mtoto wetu amepanda mlima. Mtakaokuwa bado mko nyumbani, mnakaribishwa kusimama naye.

Mungu aibariki Rungwe. Mungu aibariki Tanzania. Tunaomba kuwasilisha.